Spika Isiyo na Waya Ikigoma, Anza na Waya

Sabufa yenye Bluetooth imechukua nafasi ya redio kaseti katika sebule nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Mwanza, na imekuja na usumbufu wake. Kaseti ikikwama, ulifungua kifuniko ukaona utepe ulivyojisokota. Sabufa ikigoma hakuna cha kuona: taa zinawaka, rimoti inafanya kazi, namba kwenye kioo zinabadilika, ila sauti hakuna, au inakuja vipande vipande. Hapo wengi hubonyeza kila kitufe mpaka kitu kibadilike, na hata chombo kikipona hawajui kimeponywa na nini. Wengine huibeba mpaka kwa fundi, wakalipa nauli na pesa ya kufunguliwa chombo ambacho hakina ubovu wowote.

Ushauri wangu ni huu: usianze kutengeneza kabla hujajua ubovu uko upande gani. Muziki hupita mahali patatu kabla ya kukufikia. Kuna chanzo, yaani simu, televisheni au kompyuta. Kuna hewa iliyo katikati. Kisha kuna spika yenyewe pamoja na umeme unaoiendesha. Kila tatizo nitakalolitaja hapa linakaa kwenye mojawapo ya sehemu hizo, na kifaa bora cha kukuonyesha ni ipi ni waya wa AUX, ule wenye pini za milimita 3.5 kila upande, unaopatikana karibu kila duka la vifaa vya simu. Nyumba yenye spika isiyo na waya inafaa iwe na waya huo kwenye droo.

Chomeka waya kati ya simu na spika, peleka spika kwenye AUX, kisha piga wimbo uleule uliokuwa unakusumbua. Sauti ikitoka safi, umeshajua kwamba amplifaya ni nzima, spika za ndani ni nzima, na umeme unatosha. Tatizo liko hewani, au kwenye mapatano kati ya simu na spika, na hakuna sababu ya kufungua skrubu hata moja. Sauti ikiwa mbovu vilevile, achana na mipangilio ya Bluetooth, kwa sababu haihusiki. Jaribu waya huohuo na simu nyingine. Ikitoka safi, simu ya kwanza ndiyo yenye kasoro. Ikibaki mbovu, basi spika yenyewe ndiyo ya kuangaliwa.

Simu nyingi mpya hazina tundu la AUX. Si neno: tumia kompyuta, au king'amuzi kupitia zile pini nyekundu na nyeupe. Na kama spika haina tundu hilo, sabufa nyingi za kwetu zina redio ya FM na nafasi ya flashi. Redio ikisikika vizuri, umepata jibu lilelile. Kwenye flashi kuna jambo la kuangalia. Sabufa za bei nafuu husoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 tu, na nyingi zinataka isizidi GB 32. Flashi kubwa iliyotoka kwenye kompyuta ikiwa na fomati ya NTFS au exFAT haitasomwa, na mwenye sabufa atadhani tundu limekufa.

Lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni kwamba spika "haishiki". Simu inaliona jina, unaligusa, linazunguka kidogo, kisha linakataa. Tazama kwanza spika iko kwenye hali gani. Sabufa iliyoachwa kwenye FM au USB mara nyingi haiijibu simu kabisa, kwa sababu Bluetooth yake imezimwa mpaka ubonyeze kitufe cha kubadili chanzo, kile kilichoandikwa MODE, SOURCE au INPUT. Endelea kukibonyeza mpaka kioo kiandike BT au BLUE, au taa ya bluu ianze kupepesa. Baadhi hutangaza kwa sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza, kwamba ziko tayari.

Sasa iangalie taa hiyo kwa makini. Kwenye spika nyingi, kupepesa haraka maana yake inatafuta, na kutulia maana yake imeshashikwa. Ukiona imetulia ilhali simu yako haijaunganishwa, kuna simu nyingine iliyoishika. Spika ikiwashwa huitafuta simu iliyoitumia mara ya mwisho. Kijana aliyepiga muziki jana usiku, na leo yuko chumbani na simu mfukoni, ndiye mwenye sabufa bila hata kujua. Televisheni janja nazo zina tabia hiyohiyo: ukiwasha televisheni asubuhi kusikiliza taarifa ya habari, inaikamata sabufa kimyakimya na kuishikilia. Dawa yake ni kuzima Bluetooth kwenye kila kifaa cha nyumbani, ukianza na televisheni, kisha kuiwasha kwenye simu moja tu. Ikishika, washa vingine kimoja kimoja mpaka umpate mwizi.

Wanaokaa kwenye ghorofa wana shida ya ziada, nayo ni majina. Sabufa za aina moja hutoka kiwandani na jina moja, na jengo zima linaweza kuwa na spika tatu zinazojiita BT-SPEAKER. Zima yako kabisa kwenye swichi ya ukutani, kisha tafuta upya kwenye simu. Jina likiendelea kuonekana, hilo ni la jirani. Ukishaipata ya kwako, ibadilishie jina kwenye mipangilio ya simu, uiite kwa jina la chumba ilipo. Kumbuka pia kwamba spika isiyodai namba ya siri inaweza kushikwa na yeyote aliye karibu. Kama hupendi muziki wa jirani uanze kulia kwako usiku wa manane, iache kwenye FM au uizime kabisa unapomaliza.

Bado inakataa? Futa uhusiano wa zamani, na uufute pande zote mbili. Hapa watu huishia nusu. Simu na spika zinapooanishwa mara ya kwanza hutengeneza ufunguo wa siri, na kila moja inautunza kwake. Spika ikipoteza wa kwake, tuseme kumbukumbu imejaa au mtu ameirudisha kwenye hali ya kiwandani, simu inaendelea kuja na ufunguo wa zamani na kukataliwa kila mara. Nenda kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, gusa jina la spika, chagua kusahau kifaa. Kisha kwenye spika shikilia kitufe cha Bluetooth, au kile cha kupiga na kusimamisha wimbo, kwa sekunde kadhaa mpaka taa ianze kupepesa upya. Zima simu, iwashe, oanisha kana kwamba hazijawahi kukutana. Spika za zamani zikidai namba, jaribu 0000, na ikikataa, 1234.

Ugonjwa wa pili ni sauti inayokatakata, na hapo kwanza kabisa uondoe intaneti kwenye mashaka. Piga wimbo uliohifadhiwa ndani ya simu yenyewe badala ya ule unaotiririka kutoka mtandaoni. Ukipita bila kukatika, Bluetooth yako haina neno. Mtandao ndio dhaifu au bando limepunguzwa kasi. Nalisisitiza hili kwa sababu sijaona jaribio jingine la nusu dakika linalookoa pesa kama hili. Angalia pia kama simu iko kwenye hali ya kuokoa betri, maana simu nyingi za Android katika hali hiyo huibana programu ya muziki mara tu kioo kinapozimika. Muziki unaokatika kila baada ya kioo kuzima, na kurudi ukiigusa simu, hauna tatizo jingine zaidi ya hilo.

Wimbo wa ndani ya simu ukikatakata pia, basi ni suala la hewa. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na masafa hayo hayana mwenyewe. Wi-Fi ya kawaida imo humo, kibodi na mausi zisizo na waya zimo, na oveni ya maikrowevu inapopasha chakula huvujisha mawimbi yake palepale, karibu na gigahezi 2.45. Bluetooth ya muziki imegawanya nafasi yake katika vichochoro 79 na huruka kutoka kimoja hadi kingine mara 1,600 kwa sekunde. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003, imejifunza kuvikwepa vichochoro vyenye fujo. Ndiyo maana mara nyingi inaishi na Wi-Fi bila wewe kujua. Lakini chaneli moja tu ya Wi-Fi inafunika vichochoro kama 20, na kwenye jengo lenye ruta kila nyumba, nafasi ya kukimbilia inakuwa ndogo.

Kama ruta yako ina masafa mawili, hamishia simu, televisheni na kompyuta kwenye gigahezi 5. Hatua hiyo moja huiachia Bluetooth nafasi kubwa. Isogeze ruta mbali na sabufa. Mita mbili au tatu zinatosha kuleta tofauti. Na ukiwa na kompyuta iliyochomekwa diski ya nje ya USB 3, ichomoe ujaribu. Nyaya na diski za aina hiyo hutoa kelele za redio zinazoingia moja kwa moja kwenye gigahezi 2.4, jambo ambalo watu wachache wanalijua, nao huishia kuilaumu spika.

Baada ya hapo tazama vilivyosimama kati ya simu na spika. Maji hunyonya mawimbi haya, na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa. Weka simu mfuko wa nyuma wa suruali, simama mita saba au nane kutoka kwenye spika ukiwa umeielekea, halafu geuka uipe mgongo. Kama sauti ilikuwa inakatika na sasa imetulia, umeona mwenyewe kwamba kiwiliwili chako ndicho kilichokuwa ukuta. Ndivyo inavyokuwa kwenye sherehe ya nyumbani: mchana sabufa inapiga vizuri, jioni watu wakijaa sebuleni inaanza kukwama, na hakuna kilichoharibika.

Mita 10 zinazoandikwa kwenye maboksi ni za mahali peupe. Ukuta wa tofali za saruji hula sehemu yake. Chuma ni kibaya zaidi, kwa sababu hakipitishi kabisa: mlango wa geti, kabati la bati, jokofu. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe au Lamu, ambako ukuta unaweza kufikia nusu mita ya unene, usitegemee simu ya chumba kimoja iendeshe spika ya chumba cha pili. Na sabufa nyingi huwekwa mahali pabaya kuliko pote: sakafuni, nyuma ya kabati la televisheni, mgongo wake ukigusa ukuta na nyaya zimerundikana juu yake. Antena mara nyingi iko kwenye bodi ndogo nyuma ya paneli ya vitufe, kwa hiyo paneli hiyo ielekee chumba. Inyanyue juu ya stuli ya mbao, uisogeze mbele kiganja kimoja, ujaribu tena kabla ya kufanya kingine chochote.

Kuna wanaounganisha televisheni na sabufa kwa Bluetooth, halafu mtangazaji wa mpira anashangilia bao ambalo macho yameshaliona. Huku si kuharibika. Sauti inafungashwa, inarushwa, inafunguliwa, na inawekwa akiba kidogo ili isikatike, na yote hayo huchukua sehemu ya sekunde. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, liliweka wazi mwaka 1998 kwamba mtazamaji huanza kuhisi sauti imechelewa inapofikia kama milisekunde 125 nyuma ya picha, na Bluetooth ya kawaida huvuka hapo kirahisi. Utakuta kwenye menyu ya televisheni mahali pa kurekebisha ucheleweshaji wa sauti, lakini kwenye televisheni nyingi kipengele hicho huongeza kuchelewa tu. Kinasaidia sauti inapoitangulia picha. Kwa mpira na filamu, mimi natumia waya bila kusita. Kama televisheni na saundiba zote zina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, tumia hilo. La sivyo tumia waya wa mwanga (optical), na ukikosa huo, pini nyekundu na nyeupe.

Saundiba ikinyamaza kabisa hata baada ya kuunganishwa kwa HDMI au waya wa mwanga, wakati filamu nyingine zinalia vizuri, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni na ubadilishe utoaji wa dijitali uwe PCM. Televisheni ilikuwa inapeleka sauti iliyofungwa kwa mtindo ambao saundiba haiwezi kuufungua. Ni badiliko la mara moja.

Saundiba nyingi huja na boksi la besi linalojiunga nayo lenyewe bila waya, na boksi hilo hupotea mara kwa mara baada ya umeme kukatika. Chomoa vyote viwili ukutani, subiri dakika moja, washa saundiba kwanza, kisha boksi la besi. Taa yake ikitulia, vimekutana. Ikiendelea kupepesa, tafuta nyuma ya boksi kitufe kidogo kilichoandikwa PAIR, ukibonyeze huku vimekaa karibu, halafu ndipo urudishe boksi pembeni mwa chumba.

Spika za Wi-Fi, zile zinazopigwa vyumba vingi kwa pamoja, zina sharti moja kubwa: simu na spika ziwe kwenye mtandao mmoja. Simu iliyojiunga na mtandao wa wageni wa ruta ileile haitaiona spika, kwa sababu mtandao wa wageni umewekwa makusudi kutenganisha vifaa. Nyingi pia hazikubali kusajiliwa mara ya kwanza isipokuwa kwenye gigahezi 2.4. Na ukiwa unategemea hotspoti ya simu, muziki wa mtandaoni utakula bando hata simu yako ikiwa mfukoni, kwa sababu spika ndiyo inayouvuta moja kwa moja.

Wakati mwingine sauti ipo na haikatiki, ila ni mbovu: nyembamba, kama ya mtu anayepiga simu. Mara nyingi ndivyo ilivyo kweli. Programu ikiomba maikrofoni, mchezo au mkutano wa video kwa mfano, spika yenye maikrofoni hubadilika kuwa kifaa cha mazungumzo, na ubora hushuka hadi ule wa simu. Funga programu hiyo na muziki utarudi kujaa. Kuhusu mkwaruzo kwenye sauti kubwa, kumbuka kuna sauti mbili za kupandisha, ya simu na ya sabufa. Weka ya simu karibu na mwisho, punguza besi kwenye ikwalaiza ya simu, kisha utumie kitasa cha sabufa kuamua ukubwa. Wengi hufanya kinyume, wakaikuza kelele pamoja na muziki.

Mvumo mzito usiokoma unaosikika ukitumia waya, lakini unatoweka ukitumia Bluetooth, unatoka kwenye umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo huo huingia pale simu inapochajiwa huku imechomekwa AUX, au televisheni na sabufa zinapokula soketi tofauti. Chomoa chaja usikilize, kisha chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Hii ndiyo hali pekee ambayo Bluetooth itakupa sauti safi kuliko waya.

Upande wa umeme ndio ninaoomba uuchukulie kwa uzito. Spika inayojizima kila besi inapopiga, halafu inawaka yenyewe, inakosa nguvu: ya betri imechoka, ya ukutani adapta yake ni dhaifu au umeme wa jioni umeshuka. Punguza sauti, ikitulia, umejua. Usibadilishe adapta kwa kufananisha pini tu. Volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi, na chanya na hasi zikae upande uleule. Umeme ukikatika, chomoa sabufa ukutani, na usubiri dakika chache baada ya kurudi kabla ya kuchomeka, kwani mshtuko wa kurudi kwake huua bodi. Na spika ya betri ikianza kuvimba, plastiki ikiachana au ikipata joto bila kupigwa, usiichaji tena, usiitoboe, usiilaze chumbani mnamolala watoto. Itoe nje, mahali pakavu, mbali na vinavyoungua, kisha uipeleke kwa anayejua kuibadilisha.

Yakikushinda yote haya, nenda kwa fundi ukiwa na majibu yako. Beba adapta, rimoti na waya wa AUX. Badala ya kumwambia "fundi, imekufa", mwambie: "Fundi, FM iko safi, AUX iko safi, Bluetooth haionekani kwenye simu yoyote." Atajua aende kwenye bodi ndogo ya mbele inayobeba Bluetooth, USB na redio, ambayo mara nyingi hubadilishwa peke yake bila kugusa amplifaya. Ukimwambia hata AUX na FM zinakwaruza, ataanza na spika za ndani, kapasita na amplifaya. Patana bei kabla hajafungua, omba kifaa cha zamani ukabidhiwe mkononi, na kabla ya kulipa ijaribu palepale kwa simu yako mwenyewe, kwa wimbo ulio ndani ya simu, ukiwa umesimama hatua kumi kutoka mezani pake.